Mgawa Maji Asiyekula kwa Mtu

Kuanzia Juni, ardhi inapoanza kukauka, hadi mvua za kwanza za Desemba, Mgawa Maji wetu hakuonja kitu chochote kwenye nyumba ya mtu. Hakugusa kipande cha muhogo, wala bakuli la uji, wala zile korosho za kukaanga ambazo kwetu hata mpita njia hupewa bila kuomba. Akialikwa harusini alikuja, akacheza kidogo kwa mabega, akawatakia maharusi heri, lakini sinia zilipoanza kupita alijitenga, akafungua kitambaa chake na kutafuna muhogo wa kuchemsha aliotoka nao kwake. Msibani alifanya vivyo hivyo. Alichimba kaburi na wenzake, akanawa mikono na wenzake, kisha akala peke yake.

"Hata mchuzi, njomba?" wanawake walimtania, njomba kwetu ndiye mjomba. "Mchuzi tu wa kuchovyea huo muhogo, utakukaba!"

"Mchuzi nao ni maji," alijibu. "Nikiunywa mtaniuliza nimekunywa zamu ya nani."

Watu walicheka hadi kushika mbavu, naye alicheka pamoja nao kutoka kule pembeni alikokaa. Mimi nilikuwa mtoto na nilidhani anaringa.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia, na mimi nitaacha likae lilipo. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, Mama huyu, Baba yule. Yeye alikuwa na binti, ameolewa huko juu Newala, lakini hakuna aliyemwita Baba wa binti huyo. Aliitwa kwa kazi yake tu.

Kijiji chetu kimekaa chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Chiwata. Huko juu, kuelekea Newala na Tandahimba, mikorosho inastawi lakini maji hayakai. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote. Sisi wa chini ndio tunaoipokea, inapochungulia kutoka kwenye mwamba na kuwa kijito kisichokauka hata Oktoba. Wazee wa zamani walichimba mfereji kutoka kijitoni, wakauzungusha kwenye tumbo la kilima hadi kwenye bustani za nyanya, bamia na mchicha. Zilikuwa bustani kumi na tisa. Ya mwisho kabisa, mkiani, ilikuwa ya mama yangu. Baba alikwishaondoka kwenda kwao na hakurudi. Bustani ile ndiyo iliyonilisha na kunisomesha, na ilikunywa maji pale tu bustani kumi na nane zilizo juu yake zilipoyaruhusu yapite.

Kwa hiyo nilimfahamu mtu yule kabla sijamfahamu mwalimu yeyote. Katika nyumba yetu swali la asubuhi halikuwa watu wameamkaje. Lilikuwa, "Mgawa Maji amepita?"

Mwiko wa kutokula hakuubuni yeye. Ulikuja na kazi. Aliyepokea jembe la mfereji aliacha vitu viwili, bustani na sahani za watu. Hakuruhusiwa kuwa na tuta hata moja linalonyweshwa na mfereji, na msimu wa kiangazi hakuruhusiwa kula kwa mwenye tuta. Na kijiji kizima kilikuwa cha wenye matuta, au ndugu zao, au wakwe zao. Ukihesabu vizuri, hakukuwa na mlango hata mmoja wa kuingia.

Mboga alinunua. Alipita kando ya nyanya zote zile, nyekundu, zinazoinama zenyewe kwenye njia kama zinamsalimia, akatembea kwa miguu hadi gulioni Chiwata, akanunua fungu la nyanya zilizosinyaa kwa mwanamke aliyetoka Lupaso asiyemjua yeye wala mfereji wake. Siku moja tulikutana naye njiani akirudi. Nilimwuliza kwa nini asinunue kwa mama, zetu si nzuri zaidi?

"Ni nzuri mno," alisema. "Mama yako atanichagulia kubwa. Kesho yake nitamchagulia kivuli kirefu."

Kivuli ndicho kilichokuwa saa yake. Alichomeka fimbo kando ya tuta, akaweka kokoto mahali kivuli kilipoishia na nyingine mahali kitakapofika, kisha akafungua njia ya maji kwa kuondoa tope kwa jembe. Kivuli kikigusa kokoto ya pili alifunga. Mwenye bustani angeweza kulia, kutukana au kuapa kwamba jua la leo linakimbia, yeye alikuwa amekwishampa mgongo. Alitembea pekupeku hata kwenye miiba. Alisema mguu unajua baridi ya maji kabla jicho halijaona, na kweli aliweza kusimama kwenye mfereji mkavu, akatulia, akasema, "Yanakuja," na sisi watoto tukihesabu hatukufika mbali kabla ulimi wa kwanza wa maji haujatokeza kwenye kona, umebeba majani makavu na wadudu wanaoogelea.

Tena alianzia mkiani. Hilo ndilo wageni hawakulielewa kamwe. Mzunguko mmoja ulikuwa wa siku tano, na siku ya kwanza aliyapeleka maji moja kwa moja hadi chini kabisa, bustani nne za mwisho zinywe kwanza, ndipo siku zinazofuata apande kidogo kidogo kuelekea kichwani. Kuyafikisha maji mkiani kulikula asubuhi nzima, kwa sababu mfereji una kiu kama kitu chochote kingine, na mchanga wake lazima ushibe ndipo uache maji yapite. Yakitoka kijitoni jua linapochomoza, yalifika kwa mama saa nne. Watu wa kichwani walimwambia anapoteza maji njiani.

"Wa kichwani haibiwi," alisema. "Wa mkiani akishanywa, wote mmekunywa."

Msemo mwingine aliupenda zaidi, nao ni wa kwetu hasa, sisi tunaofuata upande wa mama na ambao mjomba kwetu ndiye kila kitu: "Maji hayana mjomba." Aliutamka kila mtu alipoanza kumkumbusha udugu. Na udugu walimkumbusha kila siku.

Nisije nikamchora kama malaika. Alikuwa mgumu, na ugumu wake mara nyingine ulinuka. Mwaka niliougua homa mbaya, mama alinibeba hadi hospitali Newala tukalala huko siku tatu. Zamu yetu ilipita tukiwa wodini. Aliporudi alikuta kitalu cha nyanya kimeanza kukunja majani, akamfuata Mgawa Maji kwenye mfereji, mimi nikiwa mgongoni, bado ninatetemeka.

"Njomba, nusu tu. Hata robo. Niliuguza mtoto."

"Zamu imepita, Mama Zuhura."

"Unamwona mtoto huyu?"

"Namwona. Na ninawaona wengine wanne wanaosubiri."

"Wewe una moyo wa jiwe!"

"Jiwe ndilo linaloshikilia banio," alisema, akimaanisha ule ukuta mdogo wa mawe kijitoni unaogeuza maji kuingia mfereji. Alisema akitazama kivuli, hakumtazama mama. Kitalu chote kilikufa. Kiangazi kile tulikula ming'oko tuliyochimba porini na mboga za majani ya kunde zilizokaushwa, na mama hakumsalimia mtu yule kwa msimu mzima. Lakini uchaguzi wa mwaka uliofuata ulipofika, kwa maana wagawa maji huchaguliwa kila Mei, mama alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumrudisha. Nilimwuliza kwa nini.

"Aliyeninyima mimi atamnyima na mwingine," alisema.

Angekuwa mkimya, ningemwelewa vizuri zaidi. Lakini alipenda watu vibaya sana. Alipenda habari. Alijua nani amechumbiwa Tandahimba, nani amegombana na wifi yake kwa sababu ya jogoo, mbuzi wa nani amezaa pacha. Habari hizi alizikusanya akiwa amesimama ng'ambo ya mfereji, maji yakiwa kati yake na mwenye kusimulia, jembe begani kama mtu anayekaribia kuondoka. Haondoki. Angesimama hivyo hadi mguu umfe ganzi, akicheka, akidakia, "Enhe? Halafu?" Harufu ya mboga ikianza kutoka jikoni, mwenye nyumba akisema, "Karibu, njomba," ndipo aliposhtuka, akaaga, akapanda kilima kwenda kwake, kwenye nyumba iliyokuwa mbali na zote. Nilimwona mara nyingi akipanda njia ile. Akifika katikati aligeuka, akatazama moshi wa majiko yetu kwa muda, kisha akaendelea.

Mkewe alikuwa amerudi kwao juu miaka mingi nyuma. Inasemekana aliondoka akisema hakuolewa na mtu, aliolewa na mfereji. Mvua zikianza, mwiko ukifunguka, Mgawa Maji alipanda Newala kumtembelea binti yake na kukaa majuma mawili. Ndipo alipokula. Binti alituambia wakati mmoja kwamba baba yake akifika kwake hula kama mtu aliyetoka kifungoni, halafu siku ya tatu ananyamaza, anauliza kama kuna mtu amesikia hali ya kijito.

Kisha ukaja umeme.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kijiji chetu na kile cha jirani. Wataalamu walikuja na vipimo, wakapanda na kushuka kilima, wakasema kijito chetu kina nguvu ya kutosha kuzungusha mtambo mmoja. Wangejenga banio jipya la saruji juu ya lile letu, maji yaingie kwenye bomba, yateremke kwa kasi hadi nyumba ya mtambo bondeni, yazungushe, kisha yarudi kijitoni. Jambo moja tu. Mahali yanaporudi ni chini ya bustani zote. Maji yakishaingia kwenye bomba hayawezi kuufikia mfereji tena.

Nisiseme uongo, tuliutaka umeme ule. Zahanati ilikuwa inazalisha akina mama kwa tochi ya simu. Wanawake walibeba mahindi na makopa ya muhogo hadi Chiwata kusaga. Mimi mwenyewe nilisoma kwa kibatari hadi pua ikawa nyeusi ndani. Na fundi aliyeletwa kuuangalia mtambo, kijana wa Tandahimba, alikuwa mtu mpole aliyewaamkia wazee na kujifunza majina ya watoto. Katika habari hii simtafuti mbaya, na ningemtafuta nisingempata.

Mkutano wa kupanga zamu ulifanyika Mei, banio na mtambo vikiwa vimekwisha kujengwa, kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Wageni walichinja ng'ombe. Pilau lilipikwa kwenye masufuria makubwa, na harufu yake ilitangulia hotuba zote. Msimu wa mfereji ulikuwa bado haujaanza, mwiko haujafunga, na watu walimvuta Mgawa Maji mkono wakamketisha katikati yao, kwenye mkeka, kati ya mwenyekiti wa kijiji na mtaalamu mkuu. Nilikuwa pale. Nilimwona akila. Alikula polepole, akigeuza kichwa kulia na kushoto kila aliposemeshwa, na watu walimwongezea nyama, wakamgonga bega, wakamwambia leo umepatikana. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa na furaha ya namna ile. Ulikuwa kama uso wa mtoto aliyeruhusiwa kulala kitandani kwa mama yake.

Baada ya kula, mtaalamu alisimama akaeleza ratiba. Asubuhi hadi saa sita mchana maji ni ya mfereji. Saa sita na kuendelea ni ya mtambo, usage mchana na uwashe taa jioni. Nusu kwa nusu, haki kwa haki. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akamgeukia jirani yake wa mkekani.

"Mzee wetu hapa ndiye mwenye kuyajua maji haya. Mzee, nusu siku itatosha?"

Turubai zima lilimtazama. Alikuwa bado ana mafuta ya pilau vidoleni.

"Itatosha," alisema.

Wakapiga makofi.

Haikutosha, na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Nusu ya siku si nusu ya maji. Tulipokuwa na mchana mzima, maji yalifika mkiani saa nne na yakabaki hadi jua linazama. Sasa yalifika saa nne, yakabaki saa mbili, yagawanywe kwa bustani nne. Hiyo ni Juni. Kufika Septemba kijito kinapopungua na mchanga unapozidi kiu, yalifika saa sita kasoro. Mama alisimama kwenye tuta lake na jembe, akayaona yanatokeza kwenye kona, membamba kama kamba, na huko juu fundi, kwa uaminifu wake wote, alitazama simu, akaona ni saa sita, akafunga. Kilichotufikia kilikuwa tope. Watu wa kichwani hawakuona tofauti. Nyanya zao zilikuwa nyekundu kama kawaida, na jioni walikaa chini ya taa.

Mgawa Maji alihangaika kiangazi kile kwa namna inayoniuma hadi leo. Alitangulia mbele ya maji. Kabla jua halijatoka alikuwa ndani ya mfereji akifagia majani, akiondoa mawe, akisawazisha mchanga kwa viganja, ili maji yakija yasipate kisingizio cha kukawia. Aliyaongoza huku ameinama, akirudi kinyumenyume, akiyaambia, "Haya, haya, haya," kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Alipata robo saa. Pengine dakika ishirini. Siku moja alifika kwetu amelowa hadi kifuani, akasimama ng'ambo, na mama akamwuliza bila salamu:

"Njomba, siku ile uwanjani hukujua?"

Aliangalia majani ya nyanya zetu yaliyojikunja, akaondoka. Mwezi ule wenye bustani wawili wa mkiani waliacha kulima. Mmoja alikwenda kuokota korosho za watu, mwingine alihamia Masasi. Mama alibaki, akibeba ndoo kutoka kijitoni kichwani, kupanda na kushuka, kwa ajili ya matuta matatu tu.

Oktoba Mgawa Maji aliomba kikao. Hakuwahi kuomba kikao maishani mwake, kwa hiyo watu walikuja wengi. Alisimama mbele na jembe lake, akasema moja kwa moja.

"Mei niliulizwa kama nusu siku itatosha. Nilijua haitoshi. Nikasema itatosha."

Mwenyekiti akamwuliza, "Walikupa kitu?"

"Walinipa pilau. Kama nyinyi wote."

Watu wakaanza kucheka. Akangoja wamalize.

"Nilikula na watu. Nimekaa katikati, napigwa bega. Akaniuliza, nikaona aibu kumkatalia mtu aliyenilisha. Ni hivyo tu. Sina kingine."

"Lakini ilikuwa Mei," mtu mmoja alimtetea. "Msimu haujaanza. Mwiko hukuuvunja."

"Mwiko haukuwekewa mwezi," alisema. "Uliwekewa mdomo."

Kisha akatoa ombi lake. Katika kila mzunguko wa siku tano, ile siku ya mkiani, mtambo ulale mchana kutwa na maji yote yaende kwenye mfereji. Siku moja bila mashine ya kusaga na bila taa. Mwenye mashine alisimama akapiga kelele kwamba umeme haufugwi kama kuku, leo umfungulie kesho umfungie. Mtu wa kichwani alisema watoto wake wana mitihani. Fundi wa Tandahimba ndiye aliyewashangaza wote. Alisema mtambo nao unahitaji siku ya kusafishwa chujio na kutiwa grisi, kwa hiyo akipewa siku atashukuru. Wakapiga kura kwa mikono. Ilipita kwa tofauti ya mikono michache.

Ilikuwa siku yetu ya ushindi, sisi wa mkiani. Nilimtazama mama nikitarajia machozi au kigelegele. Aliomba kusema.

"Maji tunayapokea," alisema. "Na ahsante, njomba, kwa kusema ukweli. Sasa weka jembe chini."

Nilimvuta kanga. Aliutoa mkono wangu.

"Mama Zuhura, huyu ndiye aliyekutetea sasa hivi," mwenyekiti alimwambia.

"Ndiyo. Na kesho watakuja wengine na ng'ombe mwingine."

Mgawa Maji alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyofanya akisikiliza maji yanayokuja. Aliinama akalaza jembe chini, taratibu, mpini ukielekea watu. Hakubishana. Mwenyekiti akauliza nani atalichukua. Wanaume wakatazama vidole vya miguu yao. Kila mmoja alikuwa na bustani, na kila mmoja alipenda kula kwa shemeji yake. Jembe likakaa pale hadi ikawa aibu, ndipo mama akaenda, akaliokota.

Hivyo ndivyo bustani ya mwisho, ile tuliyoililia, ilivyotutoka mikononi siku ileile tuliyoipatia maji. Mgawa maji hana tuta. Na kwa kuwa yule wa zamani sasa alikuwa mtu wa kawaida asiye na ardhi kwenye mfereji, kijiji kilimpa bustani ya mama. Walibadilishana kama watu wanavyobadilishana nguo.

Mama anaishi kwa kidogo ninachomtumia kutoka Mtwara ninakofanya kazi, na mihogo yake ya mlimani. Anapanga mawe ya kivuli kama alivyoyapanga yule. Anakula peke yake. Na yule aliyekuwa huru sasa kula popote, nilidhani ataalikwa kila nyumba. Haikutokea hivyo. Watu walimheshimu, walimwamkia, walimpisha njia, lakini mikono yao ilikwishasahau kumwekea sahani. Miaka yote ile wamemwambia karibu wakijua atakataa. Sasa wangesema karibu, angekaribia, na hakuna aliyejua amketishe wapi.

Agosti iliyopita nilikwenda nyumbani kwa juma moja. Asubuhi ya siku ya mkiani nilimsindikiza mama mfereji mzima, na saa nne maji yalipofika chini alifungua bustani ya kwanza kati ya nne, maana zile nne hupokezana kuanza. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo tukisubiri kivuli, ndipo tulipomwona akija kutoka upande wa bustani iliyokuwa yetu. Amepungua. Bega la jembe limebaki chini zaidi ya jingine. Mkononi alikuwa na kikapu.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia.

"Marahaba, Zuhura. Umenenepa. Mtwara wanakulisha."

"Samaki tu, babu."

"Samaki si kitu kidogo." Kisha akakiweka kikapu chini, upande wake wa mfereji, akamgeukia mama. "Mama Zuhura. Hizi za kwanza."

Zilikuwa nyanya. Kubwa, ngozi imenyooka, bado na vikonyo vya kijani.

"Ni nzuri," mama alisema.

"Udongo ni wako. Mbegu nilizikuta, ni zako. Mimi nimeinama tu."

"Ni nzuri kweli, njomba."

"Basi onja."

Mama aliitazama kokoto ya kivuli.

"Moja. Au mpe huyu mgeni."

"Mgeni anakula kwangu."

Maji yalipita kati yao yakibeba majani. Mama alikuwa ameushika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Nilimjua mama. Nilijua ni miaka mingapi hajaionja nyanya ya udongo ule.

"Zamu yako inafuata," alimwambia hatimaye. "Kafungue njia kwenye matuta, maji yasije yakapita bure."

"Haya," alisema mzee. "Haya."

Aliinama kuchukua kikapu na hakuwahi. Nilikwisharuka mfereji nikakibeba mimi. Tulitembea hadi bustanini. Nilitafuta neno la kumwombea mama radhi na kila nililolipata lilikuwa dogo.

"Babu, msamehe," nilisema mwisho.

"Nimsamehe nini? Angezipokea, ningekuwa wa kwanza kusimama kikaoni kumsema."

Alisema kwa sauti kubwa, karibu ya majivuno, kama mtu anayemsifu mwanafunzi wake. Nikatua kikapu kwenye kichwa cha tuta. Huko juu mama alifungua, na maji yakaanza kushuka kwetu, tukayasikia kabla ya kuyaona. Yeye hakuyageukia. Alikuwa anazitazama zile nyanya, akizipanga upya kikapuni moja moja, zenye vikonyo juu.

"Lakini nilitamani azipokee," alisema, kisha akachukua jembe, akaingia kwenye tope.